Nyaraka za Kompyutani Nazo ni Amana



Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi kina mama, leo nataka tuzungumze juu ya kasha. Katika nyumba nyingi za Malindi, Mambrui na Takaungu lilikuwako kasha la mbao lililokaa chumbani kwa mama. Humo ziliwekwa hati za shamba, cheti cha ndoa, stakabadhi za kodi, dhahabu kidogo iliyosalia, na nyaraka zilizokuja kwa jahazi au kwa posta kutoka kwa jamaa walioko Mombasa, Unguja na Maskati. Baba ndiye aliyejulikana kuwa mwenye nyumba, lakini ufunguo wa kasha ulikuwa kwa mama. Palipozuka neno juu ya mpaka wa shamba au deni la marehemu, wazee walimwendea wakamwambia, "Bi mkubwa, tufungulie kasha," na jambo likamalizwa kwa karatasi, si kwa sauti.

Nyaraka hizo sasa zimehama. Mtoto aliyeko Dubai haandiki tena kwa kalamu, na ndugu aliyeko Leicester hatii tena barua katika bahasha. Kwa zaidi ya miaka 20 mambo yetu mazito, yaani mahari yaliyoahirishwa, mikopo ya ndugu kwa ndugu, makubaliano ya kununua kiwanja, risala za rambirambi, yameandikwa kwa baruapepe. Nyingi kati ya hizo zimo ndani ya kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa pembeni mwa sebule, ambayo watoto huiona kama chombo kizee cha kutupwa. Kasha tunalo bado, lakini hatujui limejengwaje, wala ufunguo wake uko kwa nani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na kabla ya wahenga wetu, Mola wetu ametuamrisha kuandika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ambayo ni ya 282 katika Suratul Baqara, imehusu kuandikiana madeni. Basi ikiwa kuandika ni jambo lenye uzito kiasi hicho, kukihifadhi kilichoandikwa nako hakuwezi kuwa jambo jepesi. Hapo ndipo lilipo neno langu la leo: kuhifadhi si kuiweka nakala tu. Nakala ambayo haijafunguliwa ikasomwa, bado haijawa nakala.

Kwanza tukumbuke kwa nini nyaraka hizo zimo katika kompyuta za nyumbani na hazimo kwingine. Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti. Ilikuwa ghali na ya polepole. Mwenye kompyuta nyumbani au dukani aliunganisha kwa laini ya simu, akazivuta barua zake zote kwa dakika chache, kisha akakata ili gharama isipande. Alisoma na kujibu kwa utulivu, halafu akaunganisha tena kuyapeleka majibu. Mwaka huo wa 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa. SEACOM ulikuwa mmoja, na TEAMS mwingine, nao huo ulitoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, kule kule waliko wengi wa jamaa zetu. Mambo yakawa mepesi. Lakini barua za miaka iliyotangulia zilikwisha kushuka nchi kavu, zikakaa katika diski za watu.

Njia hiyo ya kuvuta barua huitwa POP. Mfano wake ni wa mtu anayekwenda posta, akachukua barua zake kisandukuni, akaja nazo nyumbani. Kisanduku kimebaki kitupu, na barua iko mkononi mwake peke yake. Programu kama Outlook Express, Outlook, na baadaye Thunderbird, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, ziliweza kufanya kazi kwa namna hiyo. Njia ya pili huitwa IMAP, nayo ni mfano wa kioo: barua asili iko kwa seva, yaani kompyuta kubwa ya kampuni inayotoa huduma, na unachokiona nyumbani ni sura yake. Ukiifuta huku, imefutika na kule. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa barua wanaiona katika simu na katika kompyuta, basi wana nakala mbili. Hawana. Wana waraka mmoja na vioo viwili.

Sasa nisimulie jambo ambalo wenyewe wameniruhusu kulieleza bila majina, kwa kuwa wanapenda wengine wafaidike nalo.

Mama mmoja wa huku kwetu alikuwa amemaliza eda. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa biashara ya nazi na korosho, mwenye hesabu safi, aliyependa kuandika. Alimwachia watoto, nyumba moja, na minazi kadhaa. Kabla ya mirathi kugawanywa, ndugu wa marehemu aliyeko Oman akapiga simu, akasema kwa adabu kwamba mwaka 2007 alimkopesha ndugu yake shilingi 600,000 za kumalizia nyumba, na kwamba haki yake iko juu ya nyumba hiyo. Mtoto mkubwa wa marehemu akakataa. Alisema fedha zile zilikuwa msaada wa ndugu kwa ndugu, na kwamba ami yake hakuwahi kudai uhai wa baba. Maneno yakaanza kuwa makali. Pakatajwa Kadhi, na kwa Kadhi ni mahali pa haki, lakini familia ikifika huko na ulimi umekwisha kujeruhi, hukumu hupatikana na udugu ukakosekana. Wakaniita tukae kwanza nyumbani.

Sheria yetu katika hili iko wazi. Mirathi haigawanywi mpaka marehemu azikwe, madeni yake yalipwe, na wasia wake utekelezwe katika mipaka yake. Kwa hiyo swali halikuwa nani mkali zaidi, bali fedha zile zilikuwa deni au hiba. Na hilo lilikuwa limeandikwa mahali.

Nilimwuliza ndugu wa Oman kama anazo barua za wakati ule. Akasema anwani aliyokuwa akiitumia aliiacha miaka mingi, na aliporudi kuifungua alikuta kampuni iliyokuwa ikimhifadhia imekwisha kuyafuta yote kwa sababu ya kutotumiwa. Nikamgeukia mama. Akaingia ndani, akafungua kasha lake, akatoa kitambaa cheupe kilichofungwa fundo. Ndani yake palikuwa na fleshi.

"Maalim," akasema, "kila mwisho wa mwezi akinipa hii akiniambia, weka, ni barua zetu. Nami nikiiweka."

Tulipoifungua, tulikuta folda zimepangwa kwa miezi na miaka, miaka 7 kamili, kwa mpangilio wa kupendeza. Ndani ya kila folda palikuwa na kitu kimoja tu, kidogo mno, kisichofika hata kilobaiti 3. Marehemu, Allah amrehemu, alikuwa akiiburuta ile alama ya programu iliyo juu ya uso wa kompyuta, na kuiweka katika fleshi. Alama ile si barua. Ni njia ya mkato tu, kibao kinachosema, "programu iko pale." Kwa miaka 7 mtu yule mwangalifu alihifadhi picha ya mlango, akiamini amehifadhi nyumba. Na mkewe akailinda picha ile kama dhahabu.

Chumba kilinyamaza. Mama yule akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo sikuweka kitu?" Nikamwambia, "Dada yangu, wewe amana uliitimiza. Aliyoikosa amana hiyo ni mtu wa kuifungua mara moja tu na kutazama."

Ilibaki kompyuta yenyewe. Ilikuwa imekaa miaka bila kuwashwa, na kijana mmoja wa nyumbani alikuwa tayari kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Tulimwita fundi, kijana wa huku Barani. Sikuvutiwa na maarifa yake kama nilivyovutiwa na adabu yake ya kazi. Hakuiwasha. Aliitoa diski, akaiunga na kompyuta yake kwa namna ya kusoma tu bila kuandika, akanakili kila kilichokuwamo, kisha akaiweka ile diski pembeni. "Maalim, asili haiguswi," akasema. "Tufanye kazi juu ya nakala."

Alipofungua programu ya Thunderbird, folda ya barua zilizotumwa ilionekana tupu. Mtoto mkubwa akapumua kwa nguvu, sijui kwa huzuni au kwa nafuu. Lakini fundi hakuitazama programu, alitazama faili zenyewe. Faili ya barua zilizotumwa ilikuwa na uzito wa megabaiti 400. "Folda tupu haiwi na uzito huu," akasema. Kilichoharibika ni faharasa yake, yaani ile faili ndogo inayoieleza programu kila barua iko wapi. Akaifunga programu, akaiondoa faharasa ile mbovu, akafungua tena. Programu ikasoma faili kubwa upya, ikatunga faharasa mpya, na barua zikajipanga moja baada ya nyingine, mwaka kwa mwaka.

Barua ya mwaka 2007 ilikuwamo. Marehemu alikuwa amemjibu ndugu yake kwa maneno mafupi: amepokea shilingi 600,000, nazo ni deni juu yake. Mtoto akainamisha kichwa. Lakini fundi aliendelea kushuka, na katika barua zilizoingia tukakuta mbili za ndugu yule yule. Katika moja alikiri kupokea shilingi 150,000 na katika nyingine 100,000. Tukampigia simu tukamsomea. Alinyamaza muda, kisha akasema, "Nimekumbuka. Ni kweli, alinirudishia. Allah anisamehe, nilisahau." Hakuwa mwongo. Alikumbuka alichotoa, akasahau alichopokea, na wanadamu wengi tuko hivyo. Deni likabaki shilingi 350,000, likalipwa katika tarika kabla ya mirathi kugawanywa.

Siku ile mama yule alisema neno ambalo nimelihifadhi. Jamaa mmoja alimnong'oneza kwamba laiti angeiacha kompyuta ile iuzwe, deni lisingethibiti, na fungu lake na la wanawe lingekuwa kubwa zaidi. Akamjibu, "Bora mimi nipungukiwe hapa kuliko yeye aulizwe kule."

Basi sasa tuingie ndani ya kasha hili, tulijue limejengwaje. Nitaeleza kwa namna ambayo binti wa kidato cha pili anaweza kuifuata na kumfanyia mama yake.

Katika Thunderbird, kila folda ya barua ni faili moja ndefu. Barua zimeandikwa humo moja chini ya nyingine, kama gombo lisilokatwa. Muundo huo huitwa mbox, nao una heri moja kubwa: ni maandishi ya kawaida. Hata kama programu ya Thunderbird itatoweka duniani, faili hiyo yaweza kufunguliwa kwa programu yoyote ya kuandikia, na barua iliyoandikwa kwa maneno matupu ikasomeka kwa macho, ijapokuwa picha na viambatisho huonekana kama herufi zisizo na maana mpaka vifunguliwe kwa programu inayovielewa. Pembeni ya kila faili ndefu iko faili ndogo yenye jina hilo hilo, inayoishia kwa herufi msf. Hiyo ndiyo faharasa. Faharasa ikipotea hupatikana nyingine. Gombo likipotea, limepotea.

Unapofuta barua, Thunderbird haiing'oi palepale. Huwa kama mwandishi aliyepiga mstari juu ya ukurasa bila ya kuuchana. Barua haionekani, lakini imo, na faili inazidi kunenepa. Ili kuiondoa kabisa, yapasa kutoa agizo la kubana folda. Hapo programu huandika gombo jipya, ikiruka zilizopigwa mstari, kisha ikalitupa lile la zamani. Ni kazi njema na ya lazima kila baada ya muda, lakini fahamuni kwamba umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, gombo laweza kuharibika. Nasi twajua umeme wetu wa pwani nyakati za masika. Kwa hiyo kanuni ni hii: nakili kwanza, kisha ubane.

Folda ya barua zinazoingia ndiyo mlango wa nyumba, na mlangoni hapawekwi akiba. Kila barua mpya huandikwa katika faili hiyo, kwa hiyo ndiyo inayoguswa mara nyingi na ndiyo iliyo karibu zaidi na madhara. Kuna hata programu za kukinga virusi ambazo, zikikuta barua moja yenye ugonjwa ndani yake, hulifungia gombo zima. Barua 1 mbaya ikazizuia 5,000 njema. Fungueni folda kwa kila mwaka, na folda maalumu kwa mambo mazito: ardhi, ndoa, madeni, skuli. Hamisheni humo kila mwezi, na mlango ubaki mweupe.

Kwa wanaotumia Outlook, hali ni tofauti kidogo. Barua zilizovutwa nyumbani, folda zake zote, mara nyingi hukaa katika faili moja inayoishia kwa herufi pst. Matoleo ya zamani, hadi lile la 2002, hayakuweza kubeba zaidi ya gigabaiti 2, na faili ilipofikia ukingo huo iliweza kuharibika. Toleo la 2003 lilipandisha mpaka hadi gigabaiti 20, na la 2010 hadi 50. Aidha, muundo huo si maandishi ya kawaida, huwezi kuusoma kwa macho. Kwa hiyo mwenye pst ya zamani asingoje. Aifungue maadamu ipo kompyuta inayoweza kuifungua, na barua zenye haki za watu azitoe kila moja peke yake, na zilizo nzito kabisa azichapishe kwenye karatasi.

Ama kunakili kwenyewe, hakuna ugumu. Funga programu kabisa, kwa sababu faili isiyotulia hainakiliki vizuri. Kisha tafuta folda inayobeba yote, ambayo Thunderbird huiita wasifu. Ukiingia katika menyu ya msaada, kwenye ukurasa wa kutatua matatizo, utakuta kitufe cha kuifungua folda hiyo. Ikishaonekana, funga programu, kisha inakili nzima, pamoja na kila kilichomo. Tazama uzito wake. Barua za miaka 10 zina uzito wa mamia ya megabaiti, pengine gigabaiti kadhaa. Ukiona ulichonakili kina kilobaiti chache tu, fahamu kwamba umechukua picha ya mlango.

Nakala ziwe ngapi, na zikae wapi? Kila ninapoulizwa hivi humkumbuka Bibi Hafsa bint Umar, radhi za Allah ziwe juu yake. Baada ya vita vya Yamama, ambapo wengi waliohifadhi Qur'ani waliuawa, Sayyidna Umar alimshauri Sayyidna Abubakar ikusanywe, na kazi ikakabidhiwa Zaid bin Thabit. Aliikusanya kutoka katika makuti, mawe na vifua vya watu. Kurasa hizo zilikaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, kisha zikakaa nyumbani kwa Bibi Hafsa. Sayyidna Uthman alipotaka kuandika misahafu ya kupelekwa miji mikuu, aliziazima kwake, zikanakiliwa, na asili ikarudishwa kwake. Sisemi kwamba barua zetu zalingana na Kitabu cha Allah, hasha. Nasema kwamba utaratibu ulikuwa mbele yetu tangu zamani: asili kwa mwaminifu mmoja, nakala katika miji mbalimbali, na mwaminifu huyo alikuwa mwanamke.

Karibu yetu pia tunao mfano. Maandiko ya mkono ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, yamepigwa picha na kuwekwa nakala katika Maktaba ya Uingereza mjini London, na vitabu vyenyewe vikabaki Riyadha. Moto au mchwa ukija huku, elimu iko kule.

Kwa nyumba zetu, nakala 3 zatosha: ile iliyomo kompyutani, ya pili katika diski ya nje, na ya tatu katika nyumba nyingine kabisa. Dada aliyeolewa Kilifi na dada aliyeko Mombasa wabadilishane diski wanapotembeleana Idi kwa Idi. Diski iliyowekwa juu ya kompyuta si nakala ya pili, kwani mwizi huchukua vyote kwa mkono mmoja na radi huviunguza kwa mpigo mmoja. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuijua fleshi. Fleshi huoza. Hewa yetu ya chumvi hula vyuma vyake, na yenyewe ikikaa miaka bila kuunganishwa na umeme yaweza kupoteza kilichomo. Itieni katika kopo linalofunga vizuri, na kila baada ya miaka michache mhamishie mpya. Wala msiitegemee kampuni peke yake. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumiwa kwa miaka 2 yaweza kufutwa, na hiyo ni haki yao. Ghala ni lao.

Kisha lije lile ambalo marehemu yule hakulifanya, nalo ndilo la msingi. Tulipokuwa madrasa, mwalimu akitupa kitabu tukinakili, hakuipokea nakala mpaka tumeikabili na asili. Tulikaa wawili wawili. Mmoja alisoma asili kwa sauti, mwingine akafuata nakala kwa kidole. Kazi hiyo huitwa mukabala, na wanavyuoni hawakuitegemea nakala ambayo haikukabiliwa. Nasi tufanye hivyo. Kila miezi 3, chukueni diski ya akiba, iungeni na kompyuta nyingine, si ile ile. Fungueni barua ya zamani kuliko zote, na ya karibuni kuliko zote, na moja yenye kiambatisho, nacho mkifungue. Hesabuni barua zilizomo katika folda moja mlinganishe na asili. Kisha andikeni katika daftari la karatasi: tarehe, uzito, idadi, na jina la aliyekagua. Ni kazi isiyozidi nusu saa.

Neno la mwisho ni la siri. Sanduku la barua lina yako na lina ya wengine. Ndani yake kuna aibu aliyokufungulia rafiki, ugonjwa aliokutajia dada, ombi la mtu aliyebanwa na shida. Kuzihifadhi nyaraka hakumpi kila mtu wa nyumbani ruhusa ya kuzisoma. Diski ya akiba ifungwe kwa neno la siri. Neno hilo liandikwe, litiwe katika bahasha iliyozibwa, liwekwe kwa mtu mmoja muaminifu, na katika wasia itajwe: kompyuta iko wapi, nakala ziko kwa nani, folda zipi zina haki za watu na zifunguliwe, na zipi zifutwe bila kusomwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuhimiza tusilale siku mbili bila wasia wetu kuandikwa tukiwa na cha kuusia. Nani kati yetu leo hana cha kuusia?

Kwa hiyo nawaomba, wiki hii mmoja katika kila nyumba, na ningependa awe binti au mama, aifungue kompyuta ya nyumbani, aiulize barua zake ziko wapi, anakili, kisha afungue alichonakili na asome. Akikuta barua za marehemu, amsomee Fatiha. Akikuta deni, awaeleze wahusika wakiwa hai. Na ile kompyuta kuukuu mnayotaka kuiuza kwa kilo, isitoke mlangoni mpaka diski yake imetolewa na kukaguliwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watunzaji wa amana zetu, ndogo na kubwa, na atulipie madeni tuliyoyasahau. Amin.

Wabillahi tawfiq.